Kama Big Mama Thornton aliimba kwanza, kwa nini Mfalme ni Elvis?

#1 Mrithi wa Santuri

Habari za jioni, wanajukwaa. Marehemu baba yangu aliniachia sanduku la santuri, zile nzito za zamani ambazo zikianguka huvunjika kama sahani, na wiki hii nimeanza kuzipanga. Ya kwanza kutoka sandukuni ilikuwa ya Elvis Presley, "Hound Dog", ya mwaka 1956. Nilipoutafuta wimbo huo kwenye intaneti nikakuta kwamba Willie Mae Thornton, mwanamke Mweusi wa Marekani aliyejulikana kama Big Mama, alikwisha kuurekodi mjini Los Angeles tarehe 13 Agosti 1952, na kwamba santuri yake ilipotoka mwaka uliofuata ilikaa kileleni mwa chati ya Rhythm & Blues, yaani ya muziki wa Weusi, kwa wiki 7.

Baba alikuwa mtu wa kujua mpiga solo wa kila bendi, lakini jina la mama huyu sikuwahi kulisikia kinywani mwake, wakati la Elvis alilitaja kama la jirani. Dai langu ni hili: Elvis aliiba, na dunia ikamvika taji la Mfalme wa roki. Anayebisha na abishe kwa hoja.

#2 Kigoda

Nimeweka kigoda changu karibu na mlango. Wenye hoja waingie.

#3 Kalamu Nyekundu

Mkuu, umeanza vizuri kwa tarehe, kisha ukaharibu kwa neno "aliiba". "Hound Dog" haikutungwa na Thornton. Ilitungwa na Jerry Leiber na Mike Stoller, vijana wawili Wayahudi waliokuwa na umri wa miaka 19, ambao kiongozi wa bendi Johnny Otis aliwaita wamsikilize mama huyo akiimba ili wamtungie wimbo. Otis mwenyewe alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki aliyeamua kuishi maisha yake yote miongoni mwa Weusi, hivyo hata hapo rangi zinaanza kuchanganyika.

Pili, Elvis hakuutoa wimbo huo moja kwa moja kwa Thornton. Aliusikia Las Vegas mwaka 1956 ukipigwa na kundi la Freddie Bell and the Bellboys, ambalo lilikuwa limeshabadilisha maneno na mapigo, na toleo la kundi hilo ndilo alilolifuata alipoingia studio mwezi Julai mwaka huo.

#4 Bint Ngamiani

Kalamu Nyekundu, nakubali tarehe zako zote, ila naomba usikilize santuri zote mbili usiku mmoja. Wimbo wa Thornton ni wa mwanamke anayemfukuza marioo, yaani mwanamume aliyekuja kula, kulala na kunusanusa mlangoni huku akijifanya bwana wa maana. Katika toleo la Elvis mwanamke hayupo tena, marioo naye ametoweka, na aliyebaki ni mbwa halisi anayelaumiwa kwa kutokamata sungura.

Sasa sikiliza kile ambacho hakikuandikwa na mtunzi yeyote: namna Thornton anavyokwaruza neno la kwanza, anavyomsemesha mpiga gita Pete Lewis katikati ya solo kama mama mwenye nyumba anayemharakisha fundi, na wanamuziki wanavyobweka na kulia kama mbwa mwishoni. Waliotunga walitunga, lakini uhai ule aliutia yeye, na mwenyewe alisimulia kwamba katika wimbo huo wote alipata hundi moja ya dola 500, basi.

#5 Kigoda

Marioo! Kumbe Franco wa Kongo, kwa wimbo wake "Mario" wa mwaka 1985, alikuwa anaendeleza kesi iliyofunguliwa Los Angeles.

#6 Wakili wa Mtaani

Hapo Bint Ngamiani amegusa mshipa wenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 ilisema kwamba wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa idhini ya mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuurekodi tena bila kuomba ruhusa nyingine, mradi amlipe mwenye utunzi senti 2 kwa kila nakala. Mwenye utunzi, si mwimbaji. Sauti iliyorekodiwa haikulindwa kabisa na sheria ya shirikisho hadi zile zilizorekodiwa kuanzia tarehe 15 Februari 1972, na mpaka leo redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi zinapopiga wimbo, bila kumlipa aliyeuimba.

Mwimbaji LaVern Baker alijaribu kupambana na jambo hilo. Mwaka 1954 alirekodi "Tweedle Dee", na mara mwimbaji mzungu Georgia Gibbs akatoa toleo lililofuata mpangilio wake karibu hatua kwa hatua, likauzwa kuliko la kwanza. Baker alimwandikia mbunge Charles Diggs wa Michigan akiomba sheria ilinde mpangilio wa mwimbaji. Sheria haikubadilishwa. Kwa hiyo, Mrithi, kisheria hakuna aliyeiba kitu, na kwangu mimi hilo ndilo tatizo lenyewe.

#7 Mgeni wa Memphis

Nawasalimu kutoka Tennessee. Wakili ameeleza sheria, lakini sheria ileile iliwahusu pia waimbaji wazungu waliokopiwa. Mimi naona kilichotenganisha watu ni redio na chati. Jarida la Billboard liliiita chati ya muziki wa Weusi "Race Records" hadi mwaka 1949, mwandishi wake Jerry Wexler alipopendekeza jina la Rhythm & Blues. Jina likabadilika, ukuta ukabaki. Redio nyingi za wazungu hazikuipiga santuri ya Mweusi hata ikivuma namna gani, hivyo makampuni yakatafuta vijana wazungu wa kuurudia wimbo uleule kwa sauti iliyopooza kidogo. Little Richard alirekodi "Tutti Frutti" New Orleans mwezi Septemba 1955, na baada ya miezi michache toleo la Pat Boone likapanda juu zaidi katika chati ya jumla. Lisikilizeni siku moja: ni kama mtu anasoma tangazo la kupotea kwa kitambulisho.

Hapa Memphis kulikuwa na WDIA, redio ambayo kuanzia mwaka 1948 ilielekeza vipindi vyake kwa Weusi, na ambako B. B. King na Rufus Thomas walitangaza. Mawimbi hayana rangi, na kijana Elvis aliyakamata kama wengine. Leo Mtaa wa Beale una sanamu yake na una sanamu ya W. C. Handy, yule aliyechapisha nyimbo za bluzi mapema kabisa. Mimi hupita hapo nikitoka zamu ya usiku. Foleni ya kupiga picha naiona kwenye sanamu moja tu.

#8 Nyuzi Sita

Nimepiga gita katika mahoteli ya pwani ya Mombasa kwa zaidi ya miaka 20, na kazi yetu kubwa ilikuwa kupiga kopi. Mgeni akikaa na bia yake anataka wimbo anaoujua, wewe unampa, na kesho unaongeza vionjo vyako hadi wenzako wa hoteli ya pili wanakuja kukuibia wewe. Muziki wote duniani umepita njia hiyo. Huyo Chuck Berry, mpiga gita Mweusi mnayemheshimu, "Maybellene" yake ya mwaka 1955 aliijenga juu ya "Ida Red", wimbo wa kikantri uliokuwa ukipigwa sana na wazungu wa Texas. Alichukua fidla ya mashambani akaiweka kwenye gita la umeme na kuitia mwendo wa gari. Mbona yeye hatumwiti mwizi?

Ila nisijifanye mtakatifu wa msamaha. Mwaka mmoja nilikwenda studio na wimbo wangu, nikaimba, nikalipwa nauli na chakula cha mchana, na mwenye studio akasema ataniita. Miaka mitatu baadaye nilikuwa kinyozini nikausikia redioni, gita ni langu mwenyewe, mtangazaji anataja mtunzi nisiyemfahamu. Kinyozi aliniambia nitulie asije akanikata sikio. Kwa hiyo siku hizi neno "kukopi" nalitamka kwa uangalifu.

#9 Bint Ngamiani

Pole, kaka Nyuzi. Lakini umejijibu mwenyewe: kuchanganya ni jambo moja, na jina la nani linaandikwa ni jambo lingine. Hiyo "Maybellene" uliyoileta, ilipotoka ilibeba majina ya watunzi watatu. Mmoja alikuwa Berry. Wa pili alikuwa Alan Freed, mtangazaji wa redio, na wa tatu Russ Fratto, aliyekuwa na uhusiano wa kibiashara na kampuni ya Chess iliyomrekodi. Hawakutunga hata mstari. Freed alipewa sehemu ili aipige santuri redioni, naye akaipiga usiku kucha. Berry alikuja kurudishiwa utunzi wake wote mwaka 1986, yaani baada ya miaka 31.

#10 Kalamu Nyekundu

Narudi kwa sababu naona tunaanza kuwapanga watu katika mistari miwili, wazungu wezi na Weusi walioibiwa. Kampuni iliyotoa santuri ya Thornton ilikuwa Peacock ya Houston, na mwenye Peacock alikuwa Don Robey, mfanyabiashara Mweusi. Robey alikuwa na tabia ya kuandika jina la Deadric Malone kama mtunzi wa nyimbo alizozinunua kwa bei ya kutupa. Leiber na Stoller wamesimulia kwamba hundi ya dola 1,200 aliyowaandikia ilirudishwa na benki kwa kukosa fedha. Hivyo wale vijana wazungu, Mrithi, nao walidhulumiwa na mtu yuleyule aliyemdhulumu mwimbaji wenu.

Kuna kituko kingine. Mwaka 1953 Sam Phillips wa kampuni ya Sun Records, ambaye baadaye ndiye angemgundua Elvis, alitoa "Bear Cat", jibu la mwanamume kwa "Hound Dog", aliloliimba Rufus Thomas, yuleyule wa WDIA. Robey akamshtaki Phillips kwa kuchukua wimbo bila idhini, na akashinda. Mwenye kampuni Mweusi alimshinda mzungu mahakamani kwa wizi wa wimbo huuhuu tunaoujadili, na Thornton hakufaidika kwa ushindi huo.

#11 Kigoda

Tulianza na mwizi mmoja, sasa tuna mtangazaji, mwenye kampuni, bunge na benki. Naongeza kigoda cha pili.

#12 Mtoto wa River Road

Nakubaliana na Kalamu Nyekundu kwa nusu, na mfano wangu ni twisti. Wazee wetu wa Nairobi na Dar es Salaam walicheza twisti hadi soli za viatu zikaisha, na wakiulizwa ya nani wanajibu Chubby Checker. "The Twist" ni utunzi wa Hank Ballard, aliyeutoa na kundi lake la Midnighters mwaka 1959. Chubby Checker aliurudia mwaka 1960, akiigiza hata namna Ballard alivyovuta pumzi. Wote wawili ni Weusi. Tofauti ni kwamba Checker alikuwa Philadelphia, ulikokuwa unarushwa ule mchezo wa televisheni wa vijana wa Dick Clark, na alikuwa kijana mwenye sura ya upole, wakati Ballard alijulikana kwa nyimbo zenye maneno ya chumbani. Kwangu mimi televisheni ndiyo iliyovika watu mataji.

Na msidhani sisi tulibaki watazamaji. Daudi Kabaka alitunga "Helule Helule" hapa Nairobi kwa twisti yetu ya Kiafrika, na mwaka 1968 kundi la Kiingereza la The Tremeloes likaurudia, ukaingia katika nyimbo 20 bora za Uingereza. Muulize Mwingereza yeyote wa umri ule, ataimba kiitikio chote. Kisha muulize Kabaka ni nani.

#13 Babu Magomeni

Vijana wangu, mimi nilikuwa na nywele wakati huo, kwa hiyo nina haki ya kusema. Mrithi anauliza kwa nini baba yake alimjua Elvis bila kumjua yule mama. Jibu ni sinema. Elvis alicheza filamu 31 za hadithi, na sisi tulikuwa tukitoka ukumbini tumeinua kola na kupaka mafuta ya nazi kichwani ili nywele zetu zikubali kulala, nazo zikakataa. Thornton angetufikia kwa njia gani? Hakuna aliyetuletea picha yake.

Ila msiseme tulikuwa hatuwatambui Weusi wa Marekani. Ulipokuja muziki wa soul tulijua vizuri kwamba James Brown na Wilson Pickett ni watu kama sisi, na ndiyo sababu tuliwapenda. Matokeo yake mnayafahamu? Mwezi Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ulipiga marufuku muziki wa soul madansini, kwa maelezo kwamba unaharibu vijana na utamaduni wa taifa. Marekani redio ziliuogopa muziki ule kwa kuwa ni wa Weusi, na huku kwetu ukakataliwa kwa kuwa ni wa Marekani. Sisi vijana tulihamia kwenye nyumba zenye madirisha mazito.

#14 Kigoda

Shikamoo, Babu. Hayo mafuta ya nazi yaliishia wapi?

#15 Babu Magomeni

Marahaba. Kwenye mto wa kitanda, na mama yangu hakufurahi.

#16 Bint Ngamiani

Babu amesema picha, nami nataka kuleta picha moja. Mmemjadili Elvis, Berry, Little Richard, na bado hajatajwa aliyekuwa akipiga gita la umeme mbele ya umati kabla hao wote hawajashika jukwaa: Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Cotton Plant, Arkansas, mwaka 1915, mtoto wa kanisa la Kipentekoste. Mwaka 1938 alirekodi na kampuni ya Decca na kupiga katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York. "Strange Things Happening Every Day", aliyoirekodi mwaka 1944, ni wimbo wa injili, lakini ukiusikiliza mwendo wake na lile gita, utajiuliza roki ilisubiri nini miaka kumi baadaye. Mwaka 1947 alimsikia kijana wa miaka 14 akiimba nyimbo zake kabla ya onyesho huko Macon, Georgia, akampandisha jukwaani na kumlipa. Kijana huyo ndiye Little Richard.

Sasa hiyo picha. Ni mwezi Mei 1964, nje kidogo ya Manchester, Uingereza, kwenye stesheni ya reli isiyotumika tena ambayo watu wa televisheni wameipamba ifanane na stesheni ya kusini mwa Marekani. Watazamaji, vijana wazungu, wamekaa jukwaa la ng'ambo ya reli. Mvua imenyesha. Mama wa makamo anashuka kwenye gari la farasi akiwa na koti zito na viatu vya kisigino, anatembezwa kwenye sakafu iliyolowa, anavishwa gita jeupe la umeme, na badala ya kulalamikia hali ya hewa anaanza kuimba wimbo wa gharika ya Nuhu. Anapofika kwenye solo hatazami vidole. Anawatazama wale wa ng'ambo, kama mwalimu anayehakikisha kwamba darasa linaandika.

Alifariki Philadelphia mwaka 1973, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na jiwe lenye jina. Jumba la Heshima la Roki la Marekani lilimwingiza katika orodha yake mwaka 2018. Hoja yangu ni kwamba hata Weusi wanaume walitambuliwa mapema kuliko yeye. Alikuwa mwanamke, na alikuwa wa kanisani: watu wa dini waliona anachezea vya dunia, watu wa dunia wakaona ni wa dini, na kila upande ukamwachia mwenzake kazi ya kumkumbuka.

#17 Mtoto wa River Road

Umesahau harusi yake, dada. Tarehe 3 Julai 1951 alifunga ndoa katika uwanja wa michezo wa Griffith mjini Washington, na zaidi ya watu 20,000 walilipa kiingilio. Baada ya kiapo alipiga gita akiwa na gauni la harusi.

#18 Kigoda

Harusi ya kiingilio! Mimi nadaiwa michango ya harusi tatu na hakuna hata moja iliyoniahidi gita.

#19 Kalamu Nyekundu

Bint Ngamiani, hoja ya wanawake naipokea. Ila hoja ya jumla kwamba Weusi hawakutambuliwa, hapana. Jumba hilohilo la Heshima lilipowaingiza wasanii wake wa kwanza mwaka 1986 walikuwa 10, na 6 kati yao walikuwa Weusi: Chuck Berry, James Brown, Ray Charles, Sam Cooke, Fats Domino na Little Richard. Elvis naye hakudai kwamba alianzisha kitu. Mwaka 1957 aliliambia jarida la Jet, lililokuwa likisomwa na Weusi, kwamba muziki huu ulikuwapo muda mrefu kabla yake, na kwamba yeye hawezi kuuimba kama Fats Domino. Jarida hilo lilikuwa likichunguza uvumi kwamba aliwahi kusema Weusi kazi yao ni kununua santuri zake na kumpigia viatu rangi, na halikupata ushahidi wowote. Uvumi huo bado unazunguka hadi leo, hata humu utaletwa na mtu kabla hatujalala. Na mwaka 1969 huko Las Vegas, mwandishi mmoja alipomwita Mfalme, Elvis alimwonyesha Domino aliyekuwa chumbani humo akasema Mfalme ni yule.

#20 Mgeni wa Memphis

Hayo ni kweli, na yanamheshimu Elvis kama mtu. Lakini utambuzi wa mwanamuziki kwa mwanamuziki haulipi kodi ya nyumba. Thornton alifariki Los Angeles mwezi Julai 1984, akiwa na miaka 57, kabla Jumba hilo halijamwingiza mtu yeyote, na zamu yake ikafika mwaka 2024. "Ball and Chain", ambayo safari hii aliitunga mwenyewe, ilirekodiwa na kampuni ambayo haikuitoa santuri lakini ikabaki na hakimiliki, hivyo mwimbaji mzungu Janis Joplin alipoipandisha juu kwenye tamasha la Monterey mwaka 1967, fedha hazikwenda kwa mtunzi kama ambavyo zingepaswa. Little Richard alipopanda kutangaza mshindi wa tuzo ya Grammy ya msanii mpya mwaka 1988, alijitangaza yeye mwenyewe mara kwa mara, watu wakacheka hadi wakasimama kumpigia makofi, huku yeye akiwaambia kwamba hawajawahi kumpa hata moja. Ile ilikuwa mzaha, na haikuwa mzaha.

Nami naongeza maelezo mengine kwenye rundo. Waingereza ndio waliowarudishia Wamarekani wazungu muziki wa jirani zao. Mwezi Mei 1965 The Rolling Stones, waliojiita jina kutokana na wimbo wa Muddy Waters, waliitwa kwenye kipindi cha televisheni cha Shindig, wakataka Howlin' Wolf, mwimbaji Mweusi wa bluzi, naye apangiwe nafasi. Wolf, pande la mtu mwenye sauti ya jiwe likisagwa, aliimba huku wao wamekaa chini wakimtazama. Kuna Wamarekani wengi ambao siku hiyo ndiyo kwanza walimwona mtu aliyekuwa akiishi Chicago siku zote.

#21 Wakili wa Mtaani

Na bado nasema, ondoeni sheria ya senti 2 kwa mtunzi na sifuri kwa mwimbaji, nusu ya hadithi hizi inatoweka.

#22 Nyuzi Sita

Wakili, sheria yako ingenisaidiaje mimi kinyozini? Mimi ndiye niliyetunga.

#23 Mrithi wa Santuri

Nashukuru kwa michango yote. Neno "aliiba" nimelipunguza makali, ingawa sijaliondoa. Lakini nina jipya. Wakati mnabishana nilikuwa naifuta santuri ya baba kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, nikaigeuza upande wa pili, ambao kwa kweli sikuwa nimeusoma. Kuna "Don't Be Cruel", na chini ya jina la wimbo kuna majina mawili ya watunzi: Blackwell na Presley. Huyu Blackwell ni nani?

#24 Wakili wa Mtaani

Ni Otis Blackwell, Mweusi wa Brooklyn, New York. Ndiye aliyeutunga huo wimbo na "All Shook Up", na ana mkono katika "Great Balls of Fire" ya Jerry Lee Lewis. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1955, akiwa hana fedha, aliuza nyimbo 6 kwa dola 25 kila mmoja, na "Don't Be Cruel" ulikuwa mmojawapo. Elvis hakuutunga. Watu wake walitaka jina lake liingizwe na mrabaha, yaani malipo ya mtunzi, ugawanywe, la sivyo asingeuimba, na Blackwell akahesabu kwamba nusu ya Elvis ni kubwa kuliko nzima ya mtu mwingine. Kwa hiyo mkononi una upande mmoja uliotungwa na wazungu ukaimbwa kwanza na Mweusi bila mrabaha, na upande wa pili uliotungwa na Mweusi ukalipa nusu. Santuri hiyohiyo ilikaa namba 1 Marekani kwa wiki 11.

#25 Nyuzi Sita

Zaidi ya hapo, Blackwell ndiye aliyekuwa akiziimba zile rekodi za mfano ambazo Elvis alipelekewa, na waliozisikia wanasema Elvis alifuata hata alivyovuta vokali. Hawakuwahi kukutana ana kwa ana. Kopi ya namna hiyo hata sisi wa mahotelini tungeivulia kofia.

#26 Babu Magomeni

Mrithi, umesema spiriti? Acha mara moja! Santuri hizo zimetengenezwa kwa lakiri, ileile ambayo fundi seremala huiyeyusha kwa spiriti kupata vanishi. Tumia maji kidogo na kitambaa laini, na usilowanishe karatasi ya katikati. Tena usiipige kwa sindano ya santuri za kisasa, mifereji yake ni mipana.

#27 Mrithi wa Santuri

Nimechelewa, Babu. Upande wa mbwa umeanza kufifia pembeni na kitambaa kimekuwa cheusi. Upande wa Blackwell haujaguswa. Kuna fundi Kariakoo amesema anayo sindano ya mifereji mipana, nitampelekea Jumamosi, na tutaanza na upande huo.